Albamu inayokula picha: kusoma dalili, kutafuta chanzo, kuokoa kilichobaki

Picha nyingi za familia zilizoharibika hazikuharibiwa na umri. Ziliharibiwa na kitu kilicholala nazo miaka yote: gundi, manila ya rangi, karatasi ya plastiki, ua lililokaushwa, pini ya stepla. Chukua picha mbili zilizosafishwa siku moja studio moja. Moja ikae kwenye bahasha nyeupe kabatini, nyingine ibandikwe kwenye albamu ya kutengeneza nyumbani. Baada ya miaka thelathini hazitafanana. Ndiyo maana ukiona kasoro, swali la kwanza ni hili: picha hii ilikuwa inagusana na nini?

Jibu mara nyingi limo kwenye picha yenyewe, kwa sababu doa lina umbo, na umbo lina chanzo chake. Ukanda wa kahawia wenye upana wa kidole ni selotepu. Njano inayoanzia ukingoni na kuingia ndani hutoka kwenye ukurasa. Mstatili uliopauka wenye ukubwa wa kadi ni kitu kilichokuwa kwenye ukurasa unaotazamana na picha hiyo. Mabaka ya mviringo yenye vinyweleo ni ukungu. Sehemu iliyomomonyoka bila mpangilio, huku karatasi chini yake ikiwa nzima, imeliwa na mdudu. Kabla ya kununua chochote, geuza picha, geuza ukurasa, linganisha.

Kwanza nakala, kisha mikono

Usiondoe picha hata moja kabla ya kupiga albamu nzima kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na maandishi yake. Fanya hivyo mchana, karibu na dirisha lakini si kwenye jua, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Ukipata skana, nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ndogo za zamani. Kazi ya kuokoa ina hatari zake, na picha ikichanika mikononi angalau sura itakuwa imebaki.

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Mafuta ya kujipaka huacha alama za vidole ambazo huonekana miezi kadhaa baadaye, zikiwa zimeshazama. Shika picha kwa kingo.

Kisha tambua unashika picha ya aina gani, maana dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Picha nyeusi na nyeupe za zamani, zile zenye karatasi nene isiyo na plastiki, zimeundwa kwa chembe ndogo sana za fedha zilizoshikiliwa ndani ya jelatini. Ndizo picha za enzi za studio kama Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza pale Unguja mwaka 1930. Baadhi ya picha za enzi hizo zilipakwa rangi kwa mkono, mashavu na mashada ya maua, na rangi hiyo yaweza kuondoka kwa maji. Picha za rangi za maabara, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, huwa kwenye karatasi iliyopakwa plastiki pande zote mbili. Mgongo wake unateleza. Picha za papo hapo za Polaroid zina fremu nyeupe iliyo pana zaidi upande wa chini, na dawa zake zimefungiwa ndani. Za mwisho ni picha za printa ya wino. Hizo tone moja la maji linatosha kuziharibu.

Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza nusu ya matatizo yanayofuata: ikipata unyevu huvimba na kunata, ikikauka mno husinyaa, na ukungu na mende huiona kuwa chakula.

Ukurasa umegeuka njano, na picha inaufuata

Albamu nyingi za nyumbani hutengenezwa kwa manila, karatasi ya kaki ya kujaladia madaftari, au kurasa za daftari kubwa. Karatasi za bei nafuu hutengenezwa kwa mti pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano na kutoa asidi. Gazeti ndilo baya kuliko yote. Kipande cha tangazo la harusi kilichokatwa gazetini na kuwekwa kando ya picha kitachora umbo lake juu ya picha ya ukurasa unaotazamana nacho. Tangazo kama hilo lipigie nakala kwenye karatasi nyeupe, uweke nakala hiyo, na gazeti lenyewe likae kwenye bahasha yake mbali na picha.

Karatasi unayotaka kuitumia unaweza kuipima nyumbani. Kata ukanda, funika nusu yake kwa kitu kisichopitisha mwanga, uuache dirishani penye jua wiki mbili. Ukifunua ukakuta nusu iliyoota jua imebadilika kuwa njano au kahawia, karatasi hiyo haifai. Kwa manila za rangi kuna kipimo cha pili: lowesha pamba nyeupe, ibane juu ya manila chini ya kitabu kizito usiku mzima. Pamba ikiamka na rangi, picha nayo itaamka na rangi siku hewa itakapokuwa nzito.

Karatasi bora ni ya pamba asilimia 100, ile wanayouziwa wachoraji wa rangi za maji. Ni ghali, lakini ukurasa mmoja hubeba picha nne, na albamu ya familia haihitaji kurasa mia. Usipoipata, karatasi nyeupe nzuri ya printa ni afadhali mara nyingi kuliko manila, kwa kuwa karatasi nyingi za ofisini za siku hizi hazina asidi. Udhaifu wake ni wembamba tu, na hilo hutatuliwa kwa kukunja karatasi ya A3 ikawa ukurasa wa tabaka mbili.

Njano iliyokwisha kuingia kwenye picha haitoki. Usijaribu kuisugua kwa ndimu wala dawa ya kung'arishia nguo. Ihamishe picha, basi. Madoa yatasimama pale yalipofika.

Picha imekwama kwenye albamu ya kujibandika

Hizi ndizo albamu za harusi za miaka ya 1970 hadi 1990: ukurasa mgumu wenye mistari ya gundi, na juu yake karatasi ya plastiki unayoifunua na kuifunika. Ziliuzwa kama njia safi na ya kisasa ya kutunza picha, na zimeharibu picha nyingi za watu wetu kuliko panya na mvua. Gundi yake hugeuka kahawia na kuchora mistari mgongoni mwa picha. Kadibodi yake ina asidi. Plastiki yake mara nyingi ni PVC, ambayo hutoa mvuke wenye madhara na mafuta yanayonata. Ukiwa nayo, toa picha mapema. Kila mwaka unaopita gundi hushika zaidi.

Anza na picha usiyoithamini sana, ujifunze tabia ya ukurasa huo. Funua plastiki polepole, ukiivuta sambamba na ukurasa badala ya kuinyanyua juu. Ikiwa sura ya picha inaanza kubanduka pamoja na plastiki, acha hapo hapo, rudisha, na uiache picha hiyo.

Plastiki ikitoka salama, chukua uzi wa kusafishia meno usio na dawa wala ladha. Upitishe chini ya pembe moja ya picha, uushike kwa mikono miwili, kisha uende mbele na nyuma kama unayekata kwa msumeno, uzi ukilalia ukurasa badala ya picha. Ni kazi ya dakika nyingi kwa picha moja. Usikunje picha kuelekea kwako ili kuona umefika wapi. Jelatini iliyozeeka hupasuka, na ufa huo haufutiki.

Uzi ukigoma, mashine ya kukausha nywele kwenye moto wa chini kabisa, ikipulizwa mgongoni mwa ukurasa kwa sekunde chache chache, hulainisha gundi. Usiipulize sura ya picha, na usiitumie kabisa kwa Polaroid. Na ikigoma tena, shika mkasi: kata ukurasa kuizunguka picha, uihifadhi pamoja na kipande cha kadibodi kilichoishikilia. Haipendezi, lakini picha iliyokaa na kadibodi ni bora kuliko sura iliyochanwa vipande viwili.

Gundi iliyobaki mgongoni usiioshe kwa petroli wala dawa ya kufutia rangi ya kucha. Vimiminika hivyo hupenya hadi upande wa sura. Weka karatasi nyeupe nyuma yake ili isinate kwenye kitu kingine.

Kubandika upya bila gundi

Gundi yoyote isiiguse picha, hata ile iliyoandikwa kuwa salama kwa picha. Uji wa ngano waliotumia wazee wetu unashika vizuri na hauchafui sana, lakini mende wa pwani wataufuata mpaka ndani ya kabati.

Njia niipendayo ni mikato. Laza picha kwenye ukurasa mahali unapoitaka, tia nukta nyepesi ya penseli kila pembe, iondoe, kisha kwa wembe kata mkato wa mshazari ndani kidogo ya kila nukta. Pembe za picha zinaingia kwenye mikato na picha inakaa bila kushikwa na chochote. Siku ukitaka kuitoa, inatoka.

Kama pembe zimechoka au zimevunjika, tengeneza vifuko vya pembe. Kata karatasi nyeupe safi sentimita 2 kwa 4. Kunja pembe mbili za juu zikutane katikati ya ukingo wa chini, upate pembetatu. Kifuko hicho ndicho kinachopakwa gundi kwa nyuma na kubandikwa ukurasani, na picha haiingii mpaka gundi ikauke siku nzima.

Kati ya kurasa weka karatasi nyembamba nyeupe, ili sura mbili zisitazamane uso kwa uso. Na kwenye mgongo wa albamu, kila baada ya ukurasa, ongeza ukanda mwembamba wa karatasi hiyo hiyo. Bila ukanda huo albamu huvimba mbele na kubana nyuma, picha zinasuguana kila inapofunguliwa, na mikwaruzo inayotokea watu huidhani ni uzee.

Picha imenata kwenye plastiki au kioo

Hapa ushauri wa nchi za baridi unaweza kukupoteza. Kule wanasema: weka kila picha kwenye mfuko wa plastiki safi wa poliesta au polipropilini. Plastiki hizo ni nzuri kweli, hazitoi mvuke. Lakini Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Pemba, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, jelatini hulainika na kuganda kwenye kitu chochote laini kinachoibana. Mfuko ukibanwa na uzito wa albamu, picha hupata mabaka yanayong'aa pale ilipogusa, na mwisho hunata. Kwa pwani mimi nashauri karatasi. Karatasi hupumua, na bei yake haiumi. Plastiki ibaki kwa picha inayoshikwashikwa na wageni, na isibanwe.

Plastiki ya PVC utaijua kwa harufu kali ya kitu kipya, ulaini wake, na kwa tabia moja ambayo kila mwenye vyeti ameiona: ile faili ya plastiki inayonyonya maandishi ya fotokopi yakabaki kwenye plastiki. Kinachofanya hivyo kwa cheti kitafanya vibaya zaidi kwa picha.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute. Ipige nakala kupitia kioo, ukikiinamisha hadi mwako wa dirisha uondoke, kisha uihifadhi pamoja na kioo chake. Nimeshuhudia watu wakiingiza kisu pale. Kilichobaki kwenye kioo kilikuwa macho na pua.

Na tafadhali usiipeleke picha ya asili kulaminetishwa. Joto linaipika, gundi inaingia ndani yake, na hakuna njia ya kurudi. Laminetisha nakala.

Ukungu

Huu ndio ugonjwa mkuu wa pwani. Dalili zake ni mabaka ya kijivu, meupe au meusi yenye vinyweleo, harufu ya chumba kilichofungwa, na baadaye vidoa ambavyo hata ukivipangusa vinabaki. Ukungu huhitaji chakula na unyevu. Chakula ni jelatini, gundi na karatasi, navyo huwezi kuviondoa. Unyevu ndio wa kupambana nao: hewa inayozunguka albamu ikikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, ukungu huota. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali hakina gharama kubwa na kitakuambia ukweli kuhusu kabati lako.

Angalia albamu ilikuwa inakaa wapi. Sanduku chini ya kitanda juu ya sakafu ya saruji. Kabati lililoegemezwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mwezi wa Aprili. Hili la mwisho linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu hufanywa kwa nia njema: ukifunga albamu kwenye plastiki wakati wa masika, umefungia hewa ya masika humo ndani. Kazi ya kufunga na kupanga ifanye wakati wa ukavu, Januari na Februari au Juni hadi Septemba, siku ya upepo, mchana.

Kiyoyozi nacho kina mtego. Chumba kinachopozwa mchana na kuzimwa usiku huiacha albamu ikiwa baridi huku hewa ya joto na unyevu ikirudi, na unyevu hutua juu ya picha. Familia zenye mizizi ya Unguja zinazoishi Muskat zinalijua tatizo hili kwa namna yake. Joto lisilobadilika, hata likiwa juu kidogo, ni afadhali.

Kwa albamu iliyoota ukungu, fuata mpangilio huu. Itenge na vitabu vingine, ndani ya mfuko wa karatasi, siyo plastiki. Siku kavu ifungue kurasa kivulini penye upepo, kwa saa kadhaa, mpaka ukungu ukauke na kuwa unga. Vaa barakoa, toka nje, na kwa brashi laini ya rangi upanguse kuelekea mbali nawe bila kukandamiza. Brashi hiyo ioshwe kwa sabuni na isitumike kwa picha safi.

Usitumie kitambaa kibichi. Ukungu umeshaivunjavunja jelatini na kuifanya iyeyuke kwa maji, hivyo ukiifuta unafuta sura. Jua kali nalo si dawa: linakausha ukungu na kuondoa rangi kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo badilisha makazi. Sanduku likae juu ya rafu, ukuta wa ndani wa nyumba, na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Kama una sanduku la plastiki linalobana vizuri, silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, husaidia, lakini vipakiti viwili vya ndani ya boksi la viatu vilivyokaa wazi miezi sita vimeshashiba na havifanyi kitu. Punje za silika hufufuliwa kwa kuzikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Aina inayobadilika rangi ni bora, maana inakuonyesha imeshiba lini. Wasomaji wa Nairobi, Arusha na Mbeya, hewa yenu inawapa nafuu. Kwenu rafu nzuri na kufungua albamu mara kwa mara vinaweza kutosha.

Mng'ao wa buluu na fedha kwenye picha nyeusi na nyeupe

Inamisha picha ya studio kwenye mwanga. Kama sehemu za giza, hasa kando kando, zinang'aa kama kioo chenye ubuluu, hiyo ni fedha ya picha yenyewe iliyopanda juu. Gesi zinazochochea kutu ya fedha, pamoja na unyevu, huzivunja zile chembe, nazo hutembea hadi usoni na kuganda upya. Vyanzo vya nyumbani ni rangi mpya ya mafuta ukutani, droo ya mbao mpya, karatasi mbaya, moshi. Mpira wa kufungia noti na gundi ya mpira vina salfa, ambayo huifanya fedha iwe njano na kahawia.

Mng'ao wenyewe usiusugue. Mafundi wana mjadala mrefu juu yake, na wengi huuacha kwa kuwa ni sehemu ya picha. Ondoa chanzo, badilisha karatasi, subiri wiki kadhaa kabla ya kuweka albamu kwenye kabati lililopakwa rangi upya.

Picha ya rangi imegeuka nyekundu

Picha za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na rangi tatu zilizotandazwa tabaka kwa tabaka, na ile ya samawati ilikuwa dhaifu hata gizani. Ikipungua, kinachobaki ni wekundu. Hapa albamu haina hatia, na hakuna cha kuifanyia karatasi. Piga nakala sasa hivi. Programu za kuhariri picha hurudisha rangi vizuri ikiwa bado ipo kidogo. Iliyopauka kwa sababu ya kutundikwa ukutani ni habari nyingine: weka nakala ukutani, ya asili irudi gizani.

Maua, udi na marashi

Najua kwa nini tunaviweka. Asumini ya siku ya harusi, kipande cha shela, albamu kukaa kabati moja na nguo zilizofukizwa. Lakini ua hata likikauka hubaki na mafuta na rangi yake, nayo huhamia kwenye picha, na wadudu hulifuata. Marashi mara nyingi huwa na mafuta na alkoholi, na hayafai kunyunyizwa kwenye kurasa. Moshi wa udi huacha utando wa utomvu. Liweke ua kwenye bahasha ndogo ya karatasi, bahasha kwenye ukurasa usio na picha, na albamu ihame kabati la nguo. Harufu ya nguo ibaki kwenye nguo. Vidonge vyeupe vya kufukuza nondo pia visikae sanduku moja na picha, mvuke wake hauelewani na plastiki.

Kutu, selotepu, wino, wadudu

Pini ya stepla iliyoshika kutu usiivute. Inua miguu yake kwa nyuma kwa ncha ya kisu butu, ukiwa umeweka kipande cha karatasi ngumu kati ya kisu na picha, kisha itoe wima. Selotepu iliyokauka hadi kubanduka yenyewe iondoe. Inayoshikilia mpasuko iache. Picha iliyochanika ihifadhi vipande vyake pamoja ndani ya bahasha moja, bila kuiunga.

Wino wa kalamu uliopenya kutoka mgongoni hautoki. Kilicho mikononi mwako ni kuizuia picha hiyo isilaliwe na nyingine.

Wadudu wawili ndio wa kuogopa ndani ya albamu: mende, na wale wadogo wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Wote hukwangua jelatini kwa juu. Mchwa huja kupitia sakafu na ukuta, hivyo rafu iliyo mbali na ukuta inafanya kazi mbili. Usipulize dawa ya wadudu juu ya albamu. Pulizia chumba, albamu ikiwa nje, na irudi harufu ikiisha. Majani ya mwarobaini, kama unayatumia, yakae nje ya sanduku, kwenye rafu.

Picha imejikunja

Jelatini imesinyaa kuliko karatasi iliyoibeba. Huwapata sana waliochukua albamu za nyumbani kwenda Uingereza au Kanada, ambako vipasha joto vya majira ya baridi hukausha hewa ya ndani. Ikiwa mkunjo ni mdogo, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe safi chini ya vitabu kwa wiki chache. Ikiwa imejiviringisha, usiinyooshe kwa nguvu. Mpe fundi, au iache ikae ndani ya boksi ilivyo.

Albamu imelowa mafuriko

Una siku mbili hivi kabla ukungu haujaanza, na adui mkubwa ni kuziacha picha zikauke zikiwa zimeshikana. Kama huna nafasi ya kuzishughulikia leo, zitenganishe kwa karatasi ya nailoni, zifunge kwenye mfuko na uzitie kwenye friza. Hapo muda unasimama.

Ukiwa tayari, zisuuze moja moja kwa maji safi ya baridi kwenye beseni, bila kugusa sura, na uzilaze uso juu kwenye karatasi za tishu zisizo na maua, kivulini. Zilizoshikana zikiwa bado mbichi, ziloweke mpaka ziachane zenyewe. Picha za printa, zilizopakwa rangi kwa mkono na zile zenye ukungu zisitumbukizwe majini hata kidogo. Anza na picha za rangi za maabara, kwa kuwa tabaka zake huharibika upesi zaidi.

Picha ni nzima, lakini hakuna anayejua ni nani

Kasoro hii haitibiki kwa brashi, na ndiyo inayokwenda kasi kuliko zote, kwa sababu anayejua majina anazeeka. Keti na bibi au shangazi huku albamu ikiwa wazi, simu ikirekodi sauti. Muulize picha ilipigwa wapi, nani alishona gauni lile, yule mtoto pembeni ni wa nani. Usiandike mbele ya picha. Mgongoni, picha za karatasi nene zinapokea penseli laini ya 2B. Iweke picha uso chini juu ya kioo au meza ngumu, uandike ukingoni bila kukandamiza. Muhuri wa studio ukiwepo, usiufunike: mara nyingi ndio ushahidi pekee wa mji na miaka.

Zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, na wino hubaki mbichi ukahamia kwenye picha inayofuata. Kwa hizo andika kwenye ukurasa, chini ya picha, na kwa picha za kundi chora vichwa vyao kwa mistari tu, kila kichwa na namba yake, majina pembeni. Orodha hiyo ipige nakala mbili, moja ikae ndani ya jalada la albamu, nyingine umpe ndugu anayeishi nyumba tofauti na yako, pamoja na nakala za picha ulizopiga mwanzoni.